Mama Wawili na Jiwe la Kusagia

Kijana aliyetaka kumwoa binti yangu alisilimu kwanza, ndipo akaleta posa. Siku ya posa mama yake hakuja. Walikuja baba yake mdogo na mashangazi zake wawili kutoka Mitaboni, watu wa heshima, wakala, wakanywa, wakasema yote yanayosemwa siku kama hiyo. Lakini kila mlango ulipofunguliwa niligeuka kuangalia kama ni yeye.

"Ana kifua," baba mdogo akaniambia, macho yake yakiwa kwenye kikombe. "Hii baridi imemshika vibaya."

Nikasema Mungu amponye. Sisi wanawake tunakijua kifua cha namna hiyo.

Mimi nauza vitambaa vya mapazia hapa Machakos mjini. Babu yangu alitoka pwani na biashara zake, akafika hapa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Nyumbani tumekua tukisema Kiswahili, na sokoni tukinunua kwa Kikamba, na sijawahi kujihisi mgeni katika mji huu hata siku moja. Ila tangu siku ile ya posa nilianza kujihisi mgeni. Nilikuwa napima kitambaa cha mteja huku nawaza: kuna mama huko Mitaboni anayeamini nimemwibia mwanawe. Na binti yangu ndiye atakayeingia mikononi mwake.

Binti na mchumba wake walifahamiana kazini, kwenye kiwanda kimoja huko Athi River, yeye ofisini, kijana kwenye mitambo. Jumamosi zao nyingi walizimalizia porini. Walikuwa na mchezo wao ambao mimi sikuuelewa kwa muda mrefu, unaitwa jiokashing. Mtu asiyejulikana huficha kikopo mahali fulani, chini ya daraja au ndani ya shina la mti, halafu anaweka namba za mahali hapo kwenye mtandao. Wewe unazitia kwenye simu, simu inakuongoza hadi karibu, kisha unatafuta kwa macho na mikono. Ukikipata unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo, ukitaka unachukua kitu kidogo na kuacha kingine, kisha unarudisha kikopo pale pale na kwenda zako.

"Sasa faida yake ni nini?" nilimuuliza siku moja.

"Mama, si kila kitu lazima kiwe na faida," akanijibu. "Unatembea, unacheka, unarudi nyumbani."

Jumamosi moja ya Julai akaniomba niende nao kwenye msitu wa Iveti, juu ya mji. Kuna kikopo huko ambacho kilikuwa kimewashinda watu wengi kwa muda mrefu, akasema, kwa sababu namba zake hazikukamilika. Tarakimu moja ilikosekana, na ili uipate ulipaswa kufumbua kitendawili cha historia ya hapo hapo. "Wewe unajua mambo ya zamani ya huku. Tusaidie."

Nikavaa viatu vya mpira na sweta mbili, nikabeba chupa ya chai. Tulipofika kwenye njia panda ya msituni, kijana alikuwa ametutangulia kufika, amesimama kando ya gari la kukodi. Karibu naye alisimama mwanamke mnene wa umri wangu, amejifunga leso juu ya koti, mkononi ana kiondo. Sikuhitaji kuambiwa. Kijana alikuwa na pua ile ile.

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa anakaza kamba za viatu vyake, ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

"Bwana asifiwe," yule mama akasema, kisha akakunja midomo kama mtu aliyekanyaga mahali asipopaswa. Mimi nikafungua kinywa kusema salaam aleikum, nikakifunga. Mwishowe nikasema, "Habari za Mitaboni?"

"Ni mzuri. Mimi niliambiwa tunakuja kutembea tu."

"Hata mimi."

Tukawaangalia watoto wetu. Kijana akakohoa, akatoa simu.

Tukapanda. Baridi ya Iveti mwezi wa saba si ya mchezo, na juu huko, kati ya mikaratusi na misonobari, hata jua la asubuhi lilikuwa kama limekopeshwa kwa masharti. Watoto walitangulia, sisi tukafuata, tumeachana umbali wa mtu kupita katikati. Nilisikia pumzi yake na yeye bila shaka alisikia yangu. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa.

Kwenye uwazi mmoja kijana alisimama, akatusomea kitendawili. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, akatutafsiria: "Kabla ya miti palikuwa na watu. Tafuta jiwe lililowalisha. Hesabu vinywa vyake, nawe utajua ulichokosa."

"Hiyo ni mafiga," mama yake akasema mara moja. "Mawe ya kupikia. Jiwe gani ingine inalisha watu?"

Hata mimi niliona amesema kweli. Kabla serikali haijapanda miti ile, miteremko ya juu ilikuwa na maboma ya watu, na alama zake bado zipo: kingo za matuta ya mashamba zilizoota nyasi, mistari ya mkonge iliyokuwa ua wa mtu. Tukatafuta mafiga. Tukayapata pia, mawe matatu chini ya mti, na kwa dakika nzima tulifurahi sote, mpaka binti alipochomoa kati yake mfuko wa maziwa uliokunjwa na vifuniko vya soda. Walikuwa vijana wa mandari, si wazee wa zamani.

Yule mama akacheka, mara moja, kwa ghafla, kisha akajizuia.

Mimi nilikuwa nimechoka. Niliona jiwe pana, bapa, limefunikwa na majani makavu ya misonobari, nikaenda kuliketia. Nilipoweka mkono ili nijishushe, ukazama. Chini ya majani palikuwa na shimo la mviringo, la kina cha bakuli, na ndani yake mlikuwa laini. Kazi yangu ni kugusa. Mteja akiniletea kitambaa nafumba macho na kumwambia ni pamba au ni nailoni. Ulaini ule haukuwa wa mvua.

"Njooni," nikaita.

Yule mama ndiye aliyefika kwanza. Akaweka kiondo chini, akapiga magoti, akaingiza mkono karibu na wangu.

"Aiya," akasema polepole. "Hapa walikuwa wanasaga. Nyanya yangu alikuwa na jiwe kama hii, lakini yake ilikuwa ndogo, ya nyumbani. Hii ni ya kijiji. Iveti yote wanakaa hapa, wanasaga mawele, wanasengenya waume."

"Iveti?"

"Kwa Kikamba iveti ni wanawake. Wake za watu. Hujui?"

Nilikuwa nimeutaja mlima ule maisha yangu yote na neno hilo nalijua, lakini sikuwahi kuyaweka pamoja. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, na nikaona kwamba amependezwa kuwa yeye ndiye aliyenionyesha.

Watoto wakaja mbio, wakapangusa majani juu juu kwa viatu, wakahesabu mashimo kama lile: vinywa vitano. Binti akapiga hesabu, akaitia tarakimu kwenye simu, na mshale ukaelekea bondeni. "Ni hapo chini tu," akasema. "Nyinyi pumzikeni, tukikipata tunarudi nacho."

Wakashuka. Tukasikia sauti zao, kisha kicheko, kisha ndege tu.

Watu wazima wawili walioachwa juu ya jiwe moja hawana pa kuangalia. Nikammiminia chai. Akanipa kiazi kitamu kilichochemshwa, kikiwa bado na joto ndani ya kitambaa. Tulipomaliza, mikono ikakosa kazi, na nafikiri ndiyo sababu sote wawili tulianza kuondoa majani juu ya jiwe, kila mmoja upande wake, kama wanawake wawili wanaochagua mchele.

Alianza yeye.

"Ile siku ya posa sikuwa mgonjwa."

"Nilijua."

"Nilivaa. Nilitoka mpaka barabarani. Halafu nikarudi." Akatoa konzi ya majani, akaitupa. "Mimi sina neno na msichana. Amekuja kwangu mara mbili, ni mtoto mzuri, ameosha vyombo bila kuambiwa. Na hii mambo ya dini, pasta aliniambia niombe tu, na nimeomba. Lakini kuna kitu moja siwezi kuuliza mtu. Kijana wangu siwezi kumuuliza."

"Niulize mimi."

Alitoa konzi nyingine ya majani. Kisha akaniuliza bila kuniangalia: "Siku nikikufa, ataruhusiwa kunizika?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi. Nilikuwa na majibu ya mahari, ya majina ya watoto, ya nani atavaa nini. La kuzikwa sikulifikiria kamwe. Nikaona kwamba huyu mwanamke hakuwa amekaa nyumbani akinichukia. Alikuwa amekaa akiliona kaburi lake, na watu wamesimama, na mwanawe hayupo.

"Atakuzika," nikamwambia. "Hakuna dini inayomwambia mtu amtupe mama yake. Ya kwetu inamwambia akutunze, akuheshimu, uwe wa dini yoyote. Atakuwepo, na mimi nitakuwepo, nisipokutangulia."

"Unasema tu kunituliza."

"Sikutulizi. Nitakwambia kwa nini."

Na hapo nikamwambia jambo ambalo hata binti yangu hakulijua vizuri. Bibi yangu, mke wa yule babu wa pwani, alikuwa binti wa milima hii. Hatukuwahi kujua ni boma lipi hasa. Alipoolewa mjini na kusilimu, watu wake walimlilia kama maiti, na yeye, kwa hasira au kwa aibu, hakurudi kuwaona. Miaka ikapita. Siku moja yuko sokoni ananunua mboga, muuzaji akamwangalia sana, akamwambia, pole kwa mama yako. Mama yake alikuwa ameshazikwa, mvua imeshanyesha juu ya kaburi. Hakuna aliyetumwa kumwambia. Bibi aliishi mpaka uzee mrefu, na kila alipoona mtu kutoka huku juu alimuuliza habari, ila habari yenyewe aliyoitaka ilikuwa imekwisha.

"Jambo hilo sitaki lirudi katika nyumba yangu," nikasema. "Si kwa binti yangu, si kwa mwanao."

Yule mama alikuwa ameacha kupangusa. Machozi yalikuwa yanamtoka taratibu, bila kelele, naye akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye udongo, ukamchora shavuni.

"Sasa huyo nyanya yako," akasema baadaye, "pengine alisaga hapa."

"Pengine. Au mlima mwingine."

"Ni sawa. Hata ikiwa ingine."

Tukaendelea na kazi. Chini ya majani mazito, upande wake, tukapata kinywa kingine, na kingine. Na kimoja kati ya vile vitano vya watoto, nilipokigusa, kilikuwa kinakwaruza kama msasa. Nikamwomba aguse. Akakubali, hiyo ilikuwa kazi ya maji ya mvua. Tukahesabu upya pamoja, kwa vidole: vilikuwa sita.

"Basi watoto wamepotea," akasema, akacheka.

Ndipo tukainua vichwa na kuona kwamba miti ya bondeni haipo. Ukungu ulikuwa umepanda kimya kimya. Kwanza uliificha misonobari ya chini, halafu ya karibu, halafu tukawa hatuoni zaidi ya jiwe lenyewe na kiondo. Nikatoa simu: hakuna mtandao. Ya kwake vile vile.

Tukaita. Sauti zilitoka kinywani zikaanguka hapo hapo. Nikakumbuka kingo zile za matuta, mitaro mirefu iliyochimbwa na watu wa zamani kuzuia udongo, na ambayo sasa imefunikwa na nyasi. Nikasimama ili nishuke.

Akanishika sketi. "Keti! Ukienda, tutatafuta watatu. Wewe piga kelele, mkwe. Piga kelele na mimi."

Mkwe. Alilitamka kama mtu anayeamuru, na nikamtii.

Tukapiga kelele mpaka koo zikakauka. Alipoona maneno hayafiki, akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kanisani, lakini mimi nimesoma shule ya serikali hapa hapa mjini, na wimbo huo nimeusikia kila asubuhi ya paredi hadi nikamaliza darasa la mwisho. Sauti yake ilikuwa nene na ndefu, imezoea kuvuka bonde. Nikaokota jiwe, nikagonga lile kubwa kumpigia mapigo, na alipofika kiitikio nikaitikia. Moyoni nilikuwa nasoma dua zangu, mdomoni naitikia wimbo wake, na sikuona kwamba kuna ugomvi kati ya viwili hivyo. Nilitaka mtoto wangu tu.

Sijui tuliimba kwa muda gani. Wimbo uliisha, akaanza upya. Kisha, kutoka upande ambao hatukuutazamia kabisa, nyuma yetu, sauti ya kijana ikasema: "Endeleeni! Msinyamaze!"

Wakatokea kwenye ukungu kama watu wanaotoka majini. Kijana alikuwa amemshika binti kiunoni, binti anaruka kwa mguu mmoja, nguo tope tupu upande mzima. Alikuwa amekanyaga nyasi akidhani ni ardhi, akaangukia mtaroni, kifundo kikapinduka. Kijana hakutaka kumwacha peke yake aje kutuita, na walipojaribu kurudi pamoja, ukungu uliwazungusha. Simu ya binti ilikuwa imeanguka naye, imejaa maji, na ya kijana ilikuwa imeishiwa chaji. Walifuata wimbo.

Nikainuka nimkimbilie, jiwe la kugongea likiwa bado mkononi. Lakini yule mama alikuwa ameshamfikia, ameshamketisha juu ya jiwe, ameshamvua kiatu.

"Mwana wakwa," akamwambia kwa Kikamba, mtoto wangu. "Inauma wapi? Hapa? Na hapa? Songesha vidole. Haijavunjika. Wacha kulia, haijavunjika."

Akafungua leso yake kiunoni, akaikunja, akaufunga mguu kwa nguvu na kwa utaratibu, akimsemesha muda wote. Binti yangu aliegemeza kichwa begani mwake. Mimi niliketi kando yao nikawaangalia, na ule ugeni ulioniingia tangu siku ya posa ukanitoka. Kijana akaja akachutama mbele yangu.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa," nikamwambia. "Vinywa ni sita. Mlihesabu vibaya."

Akanitazama kama nimepatwa na wazimu. Kisha akacheka hadi akakaa chini.

Tukasubiri ukungu upungue. Simu yangu haikuwa na mtandao, lakini kumbe mshale wa mchezo huo hauhitaji mtandao ukiwa na namba na ramani, na ramani ile binti alikuwa ameshaniwekea jana yake bila kuniambia ya nini. Binti akazitia namba zote, alizokuwa amezikariri, na sita mahali pake. Mshale ukaonyesha karibu tu, juu kidogo ya lile jiwe, kwenye ukuta wa mawe ulioshikilia tuta la zamani. Kijana akaenda akapapasa. Akarudi na mkebe wa plastiki wa siagi uliozungushiwa utepe mweusi.

Watoto wakatupa sisi tuufungue. Ndani mlikuwa na karatasi yenye majina machache, penseli, kifungo cha shati, goroli ya bluu na sarafu ya nchi nyingine. Hazina yenyewe ndiyo hiyo. Yule mama aliichukua goroli, akaishika juu kwenye mwanga, akasema mjukuu wake ataipenda. Akaacha pini ya nguo. Mimi nikatafuta mfukoni, nikapata pete ya pazia, nikaiweka.

"Tuandike nini?" binti akauliza, penseli mkononi, uso bado una michirizi ya tope.

"Andika mama wawili," yule mama akasema. "Inatosha."

Tukashuka polepole. Kijana na mimi tulimshikilia binti, mama yake akatangulia akipima njia kwa fimbo, akipiga nyasi kila alipotilia shaka. Ukungu ulikuwa unachanika, na mji ukaanza kuonekana chini, mabati yake yakimetameta. Barabarani, kabla hatujaachana, alinipa viazi vilivyobaki. Nikamwambia kifundo kile kitapona lini sijui, lakini nyumba yangu ipo, haifungwi.

"Nitakuja," akasema. "Na safari hii nitafika."

Alikuja Jumapili ya pili yake, baada ya kanisa, bado amevaa nguo za ibada. Nilisikia kelele getini kabla sijamwona. Pamoja naye walikuwa kijana wake, wale mashangazi wawili, na wanaume watatu wakivuta mbuzi ambaye hakutaka kuingia kwa Waislamu wala kwa mtu yeyote. Binti yangu alichungulia dirishani, mguu umefungwa bendeji, akaanza kucheka.

"Karibuni, karibuni," nikasema, "lakini mkwe, mbona mnahangaika na mnyama mzima barabara yote hiyo? Si mngemchinja nyumbani?"

Akasimama mlangoni, kiondo cha vitunguu mkononi, akapumua, akajifuta jasho.

"Wewe nawe. Nikimchinja kwangu, mtakula?" Akamkabidhi kijana wake kamba. "Nimemleta akiwa mzima. Mchinje vile mnachinja nyinyi, halafu tukule wote. Sasa nionyeshe jikoni ni wapi, hii vitunguu haiwezi kujikata."